Ngazi za Kituoni

Mhudumu wa chumba cha maiti hakuwa mwanamke wa kutapikatapika. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amepokea waliokufa maji, walioungua, waliookotwa mitaroni, na mchana akala chakula chake kama kawaida. Wenzake hospitalini walimwita Chuma.

Lakini siku aliyokwenda bungeni, kichefuchefu kilimpanda.

Aliitwa na kamati iliyokuwa ikijadili muswada wa kuunda chombo huru cha kuchunguza polisi wanaoua na kutesa. Miezi minane nyuma, polisi walimletea maiti ya fundi baiskeli pamoja na karatasi: "Alianguka ngazi kituoni." Chuma alimgeuza. Mgongo umechanikachanika, nyayo zimevimba hata vidole havionekani vizuri. Akaandika alichokiona kwenye daftari la mapokezi, bila kuongeza wala kupunguza. Dada wa marehemu ndiye aliyehangaika mpaka habari zile zikafika bungeni, na sasa alikuwa amekaa nyuma ya Chuma, mikono mapajani.

"Mama, wewe ni daktari?" mwenyekiti wa kamati aliuliza huku akitafuna karanga.

"Hapana, mheshimiwa. Mimi naosha maiti."

Mbunge mmoja akacheka puani. Cheka tu, baba, Chuma alisema moyoni, mwosha huoshwa. Mwingine alikuwa akitazama mpira kwenye simu. Sauti ameizima, lakini mabega yanarukaruka.

"Sasa utajuaje kwamba hakuanguka ngazi?"

"Kituo kile hakina ghorofa, mheshimiwa. Nimeshakwenda mara nyingi kuchukua maiti. Hata kidato kimoja mlangoni hakuna."

Mwenyekiti akaacha kutafuna. Chuma akadhani maneno yamewaingia. Wapi! Mwenyekiti alipangusa vidole, akasema, "Basi tuseme aliteleza. Tusiwavunje moyo vijana wetu wa usalama."

Wakaangua kicheko cha watu walioshiba. Dada mtu akavuta pumzi kama aliyemwagiwa maji baridi.

Mate yalimjaa Chuma mdomoni. Akayameza kwa shida.

"Waheshimiwa, nimeosha watu waliooza, na hawakunitia kinyaa, maana hawakupenda kuoza. Nyinyi mko hai, na kura mnazo. Pitisheni huo muswada!"

"Muda wako umekwisha, mama."

Kwenye korido, mbunge ambaye hakufungua kinywa kikao kizima alimkimbilia, mkono mbele. "Mama, umesema kweli tupu. Ila siasa ndivyo ilivyo, unajua tena."

Chuma aliutazama mkono ule kama kitu kilichookotwa jalalani. "Upigie kura kwanza, ndipo tushikane." Akamshika dada mtu kiwiko, wakatoka.

Kwa kura nane dhidi ya tano, kamati iliuahirisha muswada.

Wiki iliyofuata polisi walishusha maiti nyingine. Konstebo akaweka mezani karatasi iliyokwishajazwa: kifafa.

"Saini hapo, shangazi, tuna haraka."

"Mtangoja."

Alivaa glavu, akafunua shuka, akaanza kuandika. Konstebo akaguna, akatazama saa yake. Chuma hakuinua uso. Safari hii aliandika nakala mbili: moja ya hospitali, na nyingine ya dada wa fundi baiskeli, ambaye asubuhi ile alikuwa amempigia simu kumwambia tarehe ya kikao kijacho cha kamati.