Zamu ya Alhamisi

Moto ulikataa kuwaka. Mwalimu Ruthi alipuliza mpaka machozi yakamtoka, na kuni mbichi zikaendelea kutoa povu kwenye ncha zake kana kwamba zinamcheka. Mpishi wa darasa la chekechea alikuwa ameacha kazi tangu kijiji kilipoacha kumpa fungu lake la unga. Tangu hapo Ruthi ndiye aliyekuwa mpishi, mfagiaji, mchota maji, na muda ukibaki, mwalimu. Unga wenyewe ulikuwa wa yanga, yale mahindi ya njano yaliyoletwa baada ya ukame, na hata upikwe vipi ulinukia gunia. Sukari ilishasahaulika siku nyingi.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Mmekuja na maji?"

Walikuja nayo. Kila mtoto alikuwa na chombo chake, huyu kibuyu, yule kopo la mafuta ya kula, mwingine chupa iliyozibwa kwa gunzi. Walikuwa wametembea polepole kwenye vijia vya mlimani wakiogopa kumwaga, na bado nusu yao walikuwa wamelowa matumbo.

Maana wiki hiyo ilikuwa wiki ya maji. Ruthi alifundisha hivyo, somo moja kwa wiki nzima, kama alivyojifunza katika kozi yake. Walianza kwa kuimba mvua. Kesho yake wakajaza beseni na kutazama nini kinaelea na nini kinazama: gunzi lilielea, kokwa la parachichi likazama, kiatu cha mwalimu kikaelea kidogo halafu kikabadili mawazo. Baadaye wakachimba ndiva yao wenyewe uani. Huko Upareni hakuna mtoto asiyeijua ndiva, lile bwawa la ukoo lililo juu ya mashamba, linalojazwa usiku na kufunguliwa mchana ili kila nyumba imwagilie kwa zamu. Ya watoto ilikuwa na ukubwa wa sinia la pilau. Waliikandika kwa udongo wa mfinyanzi, wakatega gamba la mgomba liwe mfereji, na chini yake kila mmoja akawa na shamba lenye upana wa kiganja.

Walicheza kama wakubwa. Mwenye zamu husimama mlangoni pa ndiva akaita, "Nafungua!" Wenzake wa mfereji huo humjibu, "Fungua!" Wakijibu, zamu ni halali na wote ni mashahidi. Anayefungua bila kujibiwa ni mwizi wa maji, na katika kijiji kile mwizi wa mbuzi alipata mchumba upesi kuliko mwizi wa maji.

Ruthi alikuwa anakoroga uji wakati Katibu wa kijiji, Nathanaeli, alipotokea mlangoni. Alikuwa mtu mwenye tumbo la heshima, na alipozungumza alifunga mikono nyuma. Miguuni pake Lukia, msichana wa miaka mitano aliyependa kusikiliza kuliko kucheza, alikuwa anamimina maji yake kwenye ndoo taratibu.

"Shikamoo, ndugu Katibu."

"Marahaba, mwalimu. Leo tuna wageni kutoka wilayani. Wataona shamba la kijiji, halafu watapita hapa."

"Karibuni sana. Watoto watawaonyesha somo la maji."

"Weka maji pembeni. Fundisha Viongozi Wetu na Kazi Zao."

"Leo hii?"

"Sasa hivi. Na jambo jingine. Zamu yenu ya leo imehamishwa. Wageni wanakuja, lazima wakute kijani."

Ruthi aliacha mwiko ndani ya sufuria. Nyuma ya darasa kulikuwa na bustani aliyoilima kwa mikono yake, matuta ya maharage na mchicha. Alhamisi alasiri ilikuwa zamu ya bustani hiyo.

"Ndugu Katibu, maharage yametoa maua. Alhamisi iliyopita ndiva haikujaa, hatukupata hata tone. Leo tukikosa tena, yamekufa."

"Hatuna ubinafsi hapa, mwalimu. Maji ni ya wote."

"Bila mboga akina mama watawachukua watoto wao. Wameshasema. Mtoto akishinda na njaa ni bora ashinde na mama yake shambani."

"Watoto wakipungua tutajua la kufanya. Mbolea inakuja, na hatuna ghala." Akatazama paa la darasa, akaigonga fremu ya mlango kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayenunua ng'ombe. Kisha akaondoka.

Shamba la kijiji lilikuwa shamba la wote siku ya kulima. Siku ya kuvuna kabichi lilikuwa na wenyewe, na kila siku ya gulio mke wa Katibu ndiye aliyekaa nyuma ya fungu kubwa kuliko yote. Kila mtu aliliona. Walilinyamazia kama wanavyolinyamazia jipu la mkwe.

Na Ruthi angekwenda wapi? Hapa Vudee alikuwa mgeni. Kwao ni Ugweno, upande wa pili wa Mwanga, na Kipare cha huku kilimpita masikioni kikiacha maneno machache tu. Mumewe aliteremka kukata mkonge kwenye mashamba ya bondeni, akawa anapanda mlima kila mwisho wa mwezi, halafu kila Pasaka, halafu akawa hapandi. Watu wa kijiji hawakuwa wabaya. Walimsalimia, walimletea ndizi, wakasimama nje ya mlango wakizungumza habari za mvua, wakaenda. Hakuna aliyewahi kuingia akakaa. Jioni, watoto wakishaondoka, kimya kilimwelemea mpaka akawa anasema Kigweno na sufuria. Watoto wale ndio watu wake. Darasa likigeuzwa ghala la mbolea, asingebaki na mtu hata mmoja wa kumwita kwa jina.

Basi akawanywesha uji, akawafuta midomo, akawakalisha kwenye mkeka.

"Nani anajua kiongozi?"

"Yesu!"

"Bibi!"

"Mbuzi wa mbele!" alisema Eliaichi, mvulana mwenye pengo, na hakuwa anatania. Baba yake alifuga mbuzi, na mmoja ndiye aliyetangulia wengine.

Ruthi alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Hakuwa na picha ya kuwaonyesha wala chaki ya kuchorea. Alikuwa na ndiva tu. Akawatoa uani, akamteua Lukia awe kiongozi, akampa kijiti. "Kiongozi anahakikisha kila mtu anapata zamu yake. Eliaichi akiita, wenzake wakamjibu, wewe Lukia unamfungulia. Sawa?"

"Sawa, mwalimu."

Wakafanya. Eliaichi akaita, darasa zima likajibu "Fungua!" mpaka kuku wakatimka, Lukia akaondoa bonge la udongo, maji yakateremka kwenye gamba la mgomba. Wakarudia mara kadhaa, na kila mara ilikuwa safi. Ruthi alianza kuona kwamba labda siku ingepita salama. Labda wageni wangependezwa, labda hata angewaomba zamu irudishwe.

Jua lilikuwa utosini Landrova ilipopanda ikiguna. Akashuka Bwana Afisa, mtu wa mbali aliyekuja Same karibuni, mwenye suti ya kaunda iliyopigwa pasi na viatu visivyojua mlima. Wenzake wawili walimfuata wakijifuta vumbi. Dereva, Mpare wa Chome, aliegemea bodi la gari akachokonoa meno. Watoto wakaimba. Katibu akapiga makofi kabla wimbo haujaisha.

"Vizuri sana," alisema Afisa. Akamwinamia Lukia, aliyeshika kijiti. "Wewe ndiye kiongozi?"

"Ndiyo."

"Haya, nionyeshe. Kiongozi anafanya kazi gani?"

Eliaichi akaita, "Nafungua!" Wenzake wakajibu, "Fungua!" Lukia akafungua, maji yakaanza kuteremka. Kisha akatulia, akifikiri. Alikuwa ameulizwa kiongozi anafanya nini, naye alikuwa ameona. Akaokota bonge la udongo, akaziba mlango wa ndiva, akalikanyaga kwa kisigino. Halafu akafunga mikono nyuma na kutoa tumbo mbele.

"Zamu yenu imehamishwa," alisema. "Wageni wanakuja, lazima wakute kijani."

"Mimi ndiye mwenye zamu!" Eliaichi alilia kwelikweli, maana shamba lake la kiganja lilikuwa limepata matone mawili tu.

"Hatuna ubinafsi hapa," alisema Lukia, akampa mgongo.

Katibu alikuwa bado anatabasamu, ila tabasamu lilisahauliwa usoni pake na mwenyewe. Dereva alipatwa na kikohozi kikubwa, akazunguka nyuma ya gari.

Bwana Afisa alipiga makofi.

"Safi! Mmeona, ndugu zangu? Wadogo hivi, tayari wanajua kubana matumizi ya maji! Wanajua kutanguliza wageni! Mwalimu, hongera. Hili somo nitalisema katika vijiji vyote."

Wenzake wakapiga makofi pia. Ruthi alifungua mdomo. Maneno yote alikuwa nayo: maharage, Alhamisi, kabichi za gulio. Lakini Afisa alishageuka kumwuliza Katibu kama kuku ameiva, na mdomo wa Ruthi ukabaki wazi mbele ya mgongo wa suti ya kaunda. Alitamani kulia. Jambo lilikuwa limesemwa mchana kweupe, kwa Kiswahili fasaha, nao wakalipigia makofi.

Landrova ilipoteremka, watoto wakatawanyika kwao. Lukia alipunga mkono mpaka kwenye kona. Ruthi alikuwa anaosha vikombe Katibu aliporudi, mdomo ukimeremeta mafuta.

"Nani amemfundisha yule mtoto?"

"Ni wewe, ndugu Katibu. Asubuhi, pale mlangoni."

Mikono ya Nathanaeli ilifika nyuma, ikasita, ikarudi mbele. "Lile shimo la watoto lifukie kabla ya giza. Mbolea ikifika nitahitaji funguo za darasa."

Ruthi akalifukia. Hata yeye hakujua kwa nini, labda kwa mazoea ya kutii. Udongo wa mfinyanzi ulikuwa bado na alama za vidole vyao, vidogo, vimekandamizwa pembeni kwa bidii kama vya mtu anayejenga nyumba ya kudumu. Alivunja kingo kwa jembe, akasawazisha, akakanyaga. Uani pakawa kama hapajawahi kuchezewa.

Alipotulia akasikia maji.

Yalikuwa yanapita nyuma ya darasa, kwenye mfereji mkubwa, maji mengi ya ndiva iliyojaa, yakielekea kwenye kabichi zilizokwisha kutazamwa. Wageni walikuwa wameondoka. Kijani kilikuwa kimeonekana, kikasifiwa, na maji bado yalikuwa yanakwenda kule kule. Akazunguka. Maua ya maharage yalikuwa yameanza kujikunja. Mdomo wa mfereji wa bustani ulikuwa umezibwa kwa mawe na majani, na juu ya jiwe alikaa mlinzi wa maji, Mzee Hezroni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo ni Alhamisi."

"Naijua Alhamisi. Si mimi ndiye niliyewapa?"

"Basi nifungulie."

Mzee Hezroni alitazama fimbo yake. "Nina wajukuu, mwanangu. Unga wa kijiji unagawiwa na Nathanaeli." Hakusema kwa ukali, bali kwa haya, kama mtu aliyekutwa hana kitambaa cha kufutia mikono ya mgeni. Akanyanyuka, akajikung'uta. "Mimi nakwenda kutazama mfereji wa juu. Sikukuona." Akapanda mlima bila kugeuka nyuma.

Ruthi akabaki na jembe. Ng'ambo ya mfereji kulikuwa na nyumba za wenzake wa zamu, na kila moja ilikuwa na moshi juu ya paa. Watu walikuwamo. Alisikia mtu akipasua kuni, mwingine akimwita mbuzi. Mara zote aliyeita alikuwa Mzee Hezroni, kwa niaba ya mgeni. Yeye mwenyewe hakuwahi kuipaza sauti yake katika kijiji kile.

"Nafungua!" aliita.

Kuni zikaacha kupasuliwa.

"Nafungua! Zamu ya watoto!"

Mlango mmoja ulifungwa taratibu. Kimya kikaja, kile kile cha kila jioni, ila leo kilikuwa na watu ndani yake wanaopumua. Ruthi aliwajua wote kwa majina. Mama Lukia alikuwa pale, na baba Eliaichi wa mbuzi, watu waliomletea ndizi na kuongea habari za mvua. Alisimama akiwangojea. Alikuwa hajaomba kitu kingine kwao tangu afike.

"Fungua, mwalimu!"

Ilikuwa sauti nyembamba, ya mtoto, kutoka nyumba ya tatu. Ikafuatwa na sauti ya kofi, na mama akisema kwa Kipare neno moja ambalo hata mgeni alilielewa. Mtoto hakulia.

Ruthi alingoja kidogo, asikie kama kuna mtu mzima atakayejibu. Hakujibu mtu. Akaondoa jiwe la kwanza.