Wimbo wa Kitanda cha Dirishani

Akash alipotazama saa katikati ya ngoma, Tupokigwe akajua mambo yamekwisha.

Vijana walikuwa wamejinoa wiki nzima kwa ajili yake. Walicheza mpaka vumbi la Iyunga likatanda uani. Mgeni akapiga makofi ya heshima, kisha akasema, "Mmefanya vizuri sana. Sasa naomba tupime vyumba."

Jumba lilikuwa ghala la kahawa la babu yake Akash. Mama yake, Bi Vasanti, ndiye aliyeligeuza kituo cha sanaa, vijana wa Usangu, Ilula na Mgololo wakaja kulala hapo na kujifunza kuchora, kupiga ngoma na kuigiza. Tupokigwe alifika na sanduku la bati, binti mwenye haya, akabaki hadi akawa mlezi. Mpaka leo, baridi ya jioni ikishuka, pua yake huitafuta chai ya tangawizi ya Bi Vasanti. Mama huyo alifariki mwaka jana, na mwanawe amekuja kutoka Dar es Salaam kumuuzia jumba mfanyabiashara wa saruji.

Sifaeli, fundi wa mnunuzi, aliingia bwenini na futi yake ya kupimia. "Vitanda vitoke, niuone ukuta."

Vikatoka kimoja kimoja, wenyewe wakiwa bado uani, hadi cha dirishani. Hapo Ngolo, kijana wa Usangu, alikuwa amekaa juu ya godoro lake, mikono kifuani.

"Hiki hakihami kabla hakijaimbiwa."

Sifaeli akacheka. "Kitanda kinaimbiwa? Kinaolewa leo?"

"Kina wenyewe."

Ndiyo ilikuwa desturi ya kituo. Kila kitanda kina wimbo wake; anayeondoka humfundisha anayekirithi, naye huongeza ubeti. Hata kama ni kukisogeza tu ili kufagia, lazima kiimbiwe. Tupokigwe hakuwahi kufikiria kumwonyesha mgeni jambo hilo. Kwake lilikuwa la nyumbani tu, kama kunawa uso.

"Mwache aimbe," alisema. "Ni mara ya mwisho."

Ngolo alikuwa mtu wa ngoma, sauti hakujaliwa. Aliimba kwa hasira, akianza na ubeti wake wa ng'ombe na mbuga. Ukafuata wa nyanya za Ilula, ukaja wa baba anayenuka karatasi za kiwandani. Akash alikuwa mlangoni, simu sikioni. Ngolo akafika ubeti wa mwisho, ulio mkongwe kuliko yote:

*Mama yuko getini, kikapu mkononi,*
*nikilia asiingie, nikinyamaza asiondoke.*

Simu ikashuka polepole.

"Huo umeutoa wapi?"

"Ndio wa kwanza, bosi. Wa mwenye kitanda."

"Mwenye kitanda ni mimi," Akash alisema. "Mama alinilaza hapa likizo nzima, eti nipunguze kujisikia. Ubeti huo niliutunga mimi, lakini sikumfundisha mtu. Nilipelekwa shule ng'ambo ghafla, hata kuaga sikuaga."

Tupokigwe akaiona tena siku ile Bi Vasanti alipoingia bwenini: sari ya kijani, viatu vimevuliwa mlangoni. "Aliyefundisha ni mama yako. Ulipoondoka alikuja akaketi hapo hapo, akamfundisha Obeid aliyekirithi. Tulishangaa kaujulia wapi."

"Nilipokuwa hapa hakuwahi kuingia humu. Nilimkataza. Niliona aibu wenzangu wamwone akiniletea chapati kama mtoto mchanga."

"Si alikuwa getini, kaka. Na dirisha hili halijawahi kufungika vizuri, ukiimba sauti hutoka."

Akash aliligusa dirisha. Likacheza kwenye fremu yake, kama lilivyocheza siku zote. Alitazama nje, kwenye geti. Sifaeli akakohoa.

"Bosi, niendelee?"

"Kunja futi, bwana Sifaeli. Nitaongea na tajiri wako mwenyewe. Jumba la mama siuzi."

Akavua koti, akashika upande mmoja wa kitanda kilichokuwa karibu na mlango. "Ngolo, shika huko turudishe. Hiki nacho kinaimbwaje?"

"Hicho si changu," Ngolo alisema, akiinuka. "Dada Tupo, mwite mwenyewe."