Ufadhili Wenye Ndoano

Mimi nauza magari yaliyotumika hapa Toledo, na nikisikia neno bure hushika pochi yangu kwanza. Kwa hiyo binti yangu Corinne alipoingia ofisini akitangaza kwamba chuo cha sheria kimempa ufadhili wa ada yote, nilimkumbatia, nikapiga kelele, kisha nikamkazia macho.

“Ndoano iko wapi?”

“Lazima nibaki kwenye theluthi ya juu darasani, mama. Nikishuka, najilipia.”

“Na wangapi wamepewa hiyo bure?”

“Kama nusu ya darasa.”

Damu ilinichemka. Nusu ya darasa itaeneaje kwenye theluthi? Wizi mtupu!

Mdogo wangu Duane, tunayeuza naye, aliangua kicheko huku akitafuna mkate. “Chuo chenyewe kinashika mkia, halafu kinaringa! Mpwa wangu, nenda kule kwenye jina.”

Chuo chenye jina kilikuwa kimemkubali pia, bila kumpa hata senti. Angetoka huko na deni kubwa kama la kununulia nyumba, akalazimika kutumikia makampuni makubwa ili alilipe, na yeye alitaka kubaki hapa kuwatetea wapangaji wanaotupiwa vitu nje. Lakini hiki cha mkiani kikimgeuka katikati, angebaki na deni na jina hana. Mwisho wa kuvijibu vyuo vyote viwili ulikuwa saa kumi na moja jioni hiyo.

“Kwani hawa wa ufadhili wanataka nini kwako hasa?” nikamuuliza.

“Alama zangu za mtihani wa kuingilia. Zinawapandisha kwenye orodha ya vyuo bora.”

Niliruka kutoka kitini. “We mtoto! Kumbe muuzaji ni wewe! Wapigie!”

“Mama, chuo si gari.”

“Nani kakwambia? Lete simu niongee nao mimi.”

“Hapana. Nitaongea mwenyewe.”

Akapiga, akaweka spika tusikie sote. Aliyepokea ni Bi Pruitt, mama wa udahili, sauti yake asali tupu. Corinne akamshukuru vizuri, akaomba sharti liondolewe.

“Hatujawahi kufanya hivyo, binti.”

“Sawa. Mwaka jana, wangapi walipoteza ufadhili?”

“Hilo... sina jibu hapa karibu.”

“Mmelichapisha wenyewe, nimelisoma. Nataka tu nikusikie ukilisema.”

Duane aliacha kutafuna. Mimi mwenyewe sikuwahi kumfundisha hilo! Bi Pruitt akakohoa, akasema ni zaidi ya nusu yao.

“Basi nangoja mpaka saa kumi na moja,” Corinne akasema kwa upole. “Baada ya hapo naomba mliondoe jina langu.” Akakata simu.

“Umewafukuza!” nikalia. Nikajibwaga kitini. Nje mteja alikuwa anazunguka lori jekundu akitafuta mtu wa kumhudumia, nami sikumjali. Corinne alitembea toka mlangoni hadi dirishani, akitafuna kucha.

Simu ikaita. Nikairukia, akanishika mkono.

“Subiri, mama. Isionekane tuna njaa.”

Aliiacha iite mpaka nikadhani nitazimia, ndipo akapokea. Sharti limeondolewa, Bi Pruitt akasema, miaka yote mitatu, na karibu sana chuoni.

“Asante sana,” Corinne akajibu. “Naomba mniandikie hayo, halafu nitathibitisha.”

Baada ya hapo tulipiga mayowe mpaka yule mteja wa lori akachungulia kuona nani kafa. Tulikumbatiana tukirukaruka, kikombe cha kahawa kikamwagika juu ya meza, na nilifurahi kuliko siku niliyouza gari langu la kwanza.

Duane alifuta meza akitikisa kichwa. “Haya, hongera. Ila niambieni kweli, chuo cha mkiani kitamfundisha nini huyu?”

“Kitampa cheti,” nikamjibu, machozi yakinitiririka. “Wakili tunaye tayari.”