Msikalie Baraza

Nilirudi Quitunda, huku kaskazini mwa Msumbiji, na shahada ya uhandisi wa ujenzi, na kiburi cha kutosha mtaa mzima. Nyumba tuliyopewa baada ya kuhamishwa kutoka kijijini pwani ilikuwa na kuta, bati na choo, ila baraza haikuwa nalo. Mama, Bi Mariamo, alisema ndiyo maana jirani zetu wa zamani wanapita, wanasalimia, wanakwenda zao. Alikuwa mpweke na hakuona haya kulisema.

"Dalila, nijengee baraza watu wakae."

Mtu mwingine angepanga matofali akamwaga zege, basi. Mimi nilichimba udongo nikaupima. Nikapiga hesabu ya uzito: watu ishirini wanene, wamegawanyika sawasawa toka mwanzo mpaka mwisho, kama tulivyofundishwa chuoni. Mama akauliza kama najenga baraza au daraja.

Siku ya pili baada ya kulimwaga, zege lilikuwa gumu, na Mzee Rizuane akaja na wenzake watatu wa kule kijijini. Mama alikwisha bandika kahawa. Nikasimama mbele yao.

"Msikalie, wazee wangu. Zege halijapata nguvu zake."

"Mpaka lini?"

"Mwezi ujao."

Wakatazamana. Huku kwetu mtu hufukuzwa barazani kwa jambo zito, si kwa saruji. Walisema hewala, wakaondoka.

"Wenzio husema mgeni njoo mwenyeji apone," mama alisema. "Wewe unasema mgeni rudi, zege lipone."

Nikazungushia kamba, nikawa nalimwagia maji kila asubuhi, najisifu.

Mwezi ulipotimia nikafungua kamba. Mama akakaa. Hakuja mtu. Baraza la watu ishirini lilimbeba mama mmoja mwembamba, nami nikatamani ardhi inimeze, ile ile niliyoipima.

Nikaenda kwa Mzee Rizuane. Walikuwa wameketi mkekani, mlangoni kwake.

"Shikamoo baba. Nimekuja kuwaomba radhi. Baraza liko tayari."

"Marahaba. Linatuweza sasa?"

Nikaanza kumweleza nguvu za zege. Akainua mkono.

"Binti, kahawa ipo?"

"Ipo."

Wakakunja mkeka.

Hakuna aliyekaa pale nilipomkadiria. Wote walibanana upande wa mama, wakizungumza kwa pamoja, na mama akicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa miezi. Upande wa pili nilibaki peke yangu, nachungulia ufa. Ufa haukuwapo.

"Engenheira," mama akaita, akinitania kwa Kireno kwamba mimi ni mhandisi, ameshika kikombe changu. "Sogea huku. Au mpaka mwezi ujao?"