Mfuko wa Shati la Elifèt

Oramiz hakufundishwa sanaa na mtu yeyote. Wageni waliokuwa wakija mjini kwetu Jakmel na kamera shingoni walipenda kumuuliza alisomea wapi, na aliyejibu ni mimi, kwa sababu yeye siku zote alikuwa na sindano mdomoni. Niliwaambia alisomea makaburini. Waliandika. Mmoja alinishukuru mpaka machozi yakamlengalenga.

Wala haukuwa uongo mkubwa. Oramiz alikuwa fundi wa nguo za maiti. Mtu akifa mtaani kwetu, nguo atakazozikwa nazo hupelekwa kwanza kwa fundi zitolewe mifuko. Maiti haendi na mfuko, maana akienda nao atabeba riziki ya nyumba nzima na kuwaacha watoto wakilamba sufuria. Oramiz alikata mifuko ya suruali, ya makoti, ya magauni, akaziba mishono vizuri, na ile mifuko alitakiwa aichome moto. Hakuichoma. Aliisokomeza kwenye magunia chini ya kitanda kwa miaka kumi na minne. Mimi nilikuwa nauza kahawa mlangoni pake, niliyaona magunia, nikafunga mdomo wangu. Kibanda changu kilikuwa kwenye kivuli cha nyumba yake.

Kisha kimbunga kikaja kikaondoka na ukuta wake wa mashariki. Mbao hazikupatikana. Oramiz alitandika turubai sakafuni, akamwaga mifuko yote, akaanza kuishona mmoja kando ya mwingine mpaka ukawa ukuta. Pembeni alifunga vifungo vya makoti. Juu, mvua inakopiga, aliweka vizibo vya soda na makopo ya dagaa aliyoyaponda kwa nyundo. Palipopwaya alikaza kwa vijiko na meno ya vitana. Ndani ya kila mfuko alitia kitu ambacho marehemu mwenyewe angekitaka. Tarishi alipata stempu. Filoza, ambaye alipokuwa hai hakuna aliyewahi kusikia mwisho wa maneno yake, alishonewa zipu, ikafungwa.

Wenye maiti walikuja na hasira. Wakatazama, wakashika, wakarudi siku nyingine kimya kimya. Mjane mmoja alikuwa akija kila Jumamosi kugombana na mfuko wa mumewe, anamaliza, ananunua kahawa, anaenda zake ametulia.

Madam Klodèt mwenye duka la picha kule ufukweni aliuona ukuta ule akaununua. Ndiyo, alinunua ukuta, Oramiz akabaki na nyumba ina tundu kwa mara ya pili. Akashona mwingine, nao ukanunuliwa. Wa tatu ukapanda ndege. Jina la Oramiz likaandikwa magazetini kwa lugha ambazo hajui hata salamu zake. Mwalimu wa sanaa alikuja toka mji mkuu kumweleza habari za rangi, zipi zinapatana na zipi hazipatani. Oramiz alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza mfuko wa koti lake una upana gani. Mwalimu hakukaa kula.

Nguo moja tu ndani ya nyumba ile hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Ilikuwa shati la buluu, mfukoni pametariziwa jina kwa uzi wa manjano. Elifèt. Mtoto wake pekee, na mimi ndiye niliyembeba siku ya ubatizo. Alivuka mpaka akiwa na miaka kumi na tisa kwenda kukata miwa upande wa pili. Mwaka wa kwanza alipiga simu mara tatu. Baada ya hapo, kimya, miaka tisa. Mama yake alilifua shati lile kila mwezi, akalirudisha kwenye msumari na mfuko wake.

Ndipo Madam Klodèt alipokuja na habari kwamba nyumba kubwa ya sanaa huko Ulaya inataka kazi moja, kubwa kuliko zote, na katikati wanataka mfuko wa marehemu wa fundi mwenyewe. Alikuwa amesikia habari za shati. Oramiz akamwambia mwenye shati hajafa. Madam akatoka, akaja kukaa kwenye kibao changu, akanywa vikombe viwili, akaniomba niseme na shoga yangu.

Nikasema naye. Niandike ukweli: nilitaka kuwa rafiki wa mtu mkubwa, na kahawa ya msiba ingenunuliwa kwangu.

"Shoga," nilimwambia, "miaka tisa. Mtu aliye hai hashindwi kumtuma hata mlevi aje aseme yupo."

"Nikikata nimemuua."

"Usipokata, kama amekufa, anazurura huko na mfuko wake, hana wa kumwombea. Mama gani anamfanyia mwanawe hivyo?"

Alipapasa mezani, akapapasa kitandani. Kisha akasema hajui mkasi aliuweka wapi. Nilikuwa nimeukalia. Nikampa.

Tulisali siku tisa. Padri akasoma jina la Elifèt, watu wakalia vizuri, kahawa yangu ikaisha siku ya sita ikabidi niagize nyingine. Kazi ikafungwa kwenye sanduku la mbao, ikaondoka.

Mwaka uliofuata, Jumanne ya mwezi wa tano, lori la waliofukuzwa mpakani lilisimama sokoni. Alishuka mtu mkavu kama ukuni, kiatu kimoja mguuni, akaja moja kwa moja kwenye kibanda changu.

"Mama wa ubatizo, nipe kahawa."

Akili yangu haikuhama. Mfu aliyefufuliwa na wachawi akionja chumvi hugutuka, akakimbilia kaburini kwake. Nikatia vijiko viwili vya chumvi kwenye kikombe, nikamkabidhi, nikasogea nyuma.

Akatema. "Umezeeka mpaka sukari huijui?"

Basi alikuwa mzima. Alikuwa amefungwa miaka sita huko kwa ajili ya ng'ombe ambaye hata rangi yake hakuwahi kuiona, kisha wakamtumikisha.

Mama yake alimshika uso, masikio, vidole, kama anayekagua kitambaa. Elifèt alipouliza shati lake, akaambiwa limeliwa na panya. Mtaa haukumwambia kitu, lakini kinyozi alisema wembe umekuwa butu, na msimamizi wa ujenzi akasema ametosheka na watu. Nani amwajiri aliyekatwa mfuko, aliyekwisha kuhesabiwa mfu? Ujira hautakaa kwake, na bahati ya wenzake itavuja pamoja nao. Hata waliokuja kumsalimia walisimama mbali, mikono wameificha nyuma. Elifèt alidhani ni kwa sababu ya jela.

Wiki ya nne Madam Klodèt alituma kitabu cha picha kilichochapishwa huko Ulaya. Mletaji akakiacha kwangu. Elifèt alikuwa amekaa hapo, akakifungua kabla sijakikalia. Ukurasa wa katikati ulikuwa wa buluu, na jina lake lipo.

Akaingia nacho ndani. Mimi nikamfuata, nimeshika kikombe kana kwamba nakuja kukisafisha.

"Ulikata lini?"

"Mwaka jana. Mwezi wa pili."

"Mwezi wa pili nilikuwa nashona uzio wa waya," alisema. "Tulikuwa tunapewa wali na maharage. Nilikuwa nimenenepa kidogo." Akafunua tena ile picha. "Nani alikushauri?"

Oramiz hakunitazama. "Ni mimi mwenyewe."

Nikaendelea kupangusa kikombe.

"Na ndani uliweka nini?"

Kila maiti wa Jakmel, shoga yangu alijua alipenda nini.

"Sikuweka kitu," alisema. "Nilikaa na mfuko siku mbili. Ulikuwa mtoto ulipoondoka. Sikujua ungetaka nini."

Elifèt alikifunga kitabu, akakiweka mezani taratibu. Siku ile mama yake alimwandikia Madam arudishiwe mfuko. Jibu likaja kwamba kazi imeshanunuliwa na haiguswi, hata na aliyeishona. Anaweza kwenda kuitazama. Oramiz akaomba karatasi za safari, ubalozini wakamnyima. Alimshonea mwanawe suruali mpya yenye mifuko sita, mikubwa, inayoingia mkono mpaka kiwiko. Elifèt aliikunja akaiacha juu ya kitanda, na Jumanne akapanda lori linalorudi mpakani. Hakuwa na hasira. Alisema tu kwamba kule angalau wanamgombeza kama mtu.

Huu mwaka wa tatu, na hakuna simu. Oramiz hashoni tena. Alikwenda kwa padri kumuuliza kama anaweza kumwombea Elifèt sala ya walio safarini. Padri alifungua daftari lake, akaona jina kwenye orodha ya wafu kwa mwandiko wake mwenyewe, akaomba muda wa kufikiri. Bado anafikiri. Nguo nyeusi Oramiz hawezi kuvaa, maana alishazivaa akazivua. Nyingine anaona aibu.

Jumanne lori likisimama sokoni, naenda mimi. Yeye hukaa ndani mlango umerudishwa. Nawatazama wanaoshuka mmoja mmoja, hata wazee, hata wanawake, mpaka dereva anaponiuliza nimepoteza nini. Nikirudi namwambia hakuwemo. Huniuliza kama nimewatazama miguu pia, maana sura hubadilika. Namwambia miguu pia nimeitazama.