Mawe Juu ya Kabati la Vyombo

Juu ya kabati la vyombo, sebuleni kwetu, yalikaa mawe ya baba. Kila jiwe lilikuwa na jina. Mama aliandika majina hayo kwenye vipande vya plasta akavibandika kwa chini: Maporomoko, Pango la Michoro, Ziwa la Volkeno, Milima ya Mchanga. Baba ni dereva wa basi la watalii. Nchi yetu ni kubwa, unaweza kuendesha kutwa nzima na bado uko katikati, na baba ameizunguka yote. Kila aliporudi, kabla hata hajavua viatu, alitoa jiwe mfukoni akampa mama. Mama alimwekea chai, akakaa mbele yake na kusema, "Haya, kukoje?"

Basi hapo baba alisimulia. "Maporomoko, mke wangu, mtu anatoka pale amelowa hadi kope. Anacheka peke yake kama aliyesikia habari njema." Au: "Pangoni mle, joto si la kawaida. Watu wanatoka wametota jasho, wanahema, lakini macho yanawang'aa!"

Nimekua na maneno hayo. Ndiyo yaliyonipeleka chuo cha utalii, mimi ambaye nikisalimiwa na watu wawili kwa pamoja nashindwa nimwitikie nani.

Chuoni walitupeleka kwenye Pango la Michoro. Kwa ajili ya maneno ya baba nilivaa blauzi nyepesi. Ndani mlikuwa na baridi ya friji. Meno yaligongana mpaka mwenzangu akanitoa aibu kwa kunipa nusu ya kanga yake. Mwalimu akaeleza kwamba ubaridi ule haubadiliki, iwe kiangazi au masika, na ndio uliohifadhi michoro kwa karne nyingi. Wenzangu waliinua simu kupiga picha. Mimi nilibaki nimeukodolea ukuta macho, nikijiuliza swali moja: baba alisikia joto gani humu?

Likizo nilipofika nyumbani nilijitia kufuta vumbi. Niliyateremsha mawe nikayapanga mezani, mwangani. Tulikuwa tumesoma miamba kidogo, ila hata ambaye hakusoma angeona. Pango lile ni la chokaa. Jiwe lake lingekuwa jeupe. Milima ya Mchanga haina jiwe hata la kumtupia kuku. Lakini mawe ya baba yote yalikuwa ya kijivu, yenye kingo kali, yaliyovunjwa na mashine. Kokoto. Kokoto za kumwaga barabarani.

Niliyarudisha, kila moja mahali pake, nikanyamaza. Kunyamaza ndiko ninakokujua vizuri kuliko kitu kingine chochote. Hata hivyo siku hiyo nilipompelekea chai nilijaribu.

"Baba, ile michoro ya pangoni, ukiingia iko upande gani?"

Alikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani. "Pande zote, mwanangu."

Michoro iko ukuta mmoja tu.

Tangu hapo nilimchunguza baba yangu kama mtu anayechunguza noti asiyoiamini. Kila aliporudi safari nilinusa shati lake kabla ya kulifua, kisha nikajionea haya. Sikukuta kitu zaidi ya dizeli na jua.

Aliyelitamka jambo wazi alikuwa Mama Mdogo, mdogo wake mama, mwenye duka la vipodozi na mdomo usio na mlango. Nilikuwa nimemaliza chuo na kuajiriwa kampuni ileile ya baba, kama msaidizi wa mwongoza watalii. Alikuja Jumapili mchana, akakuta mama anashona.

"Dada, kampuni inampa kila dereva kiti cha familia. Wenzake wote wanabeba wake zao. Wewe umekikalia lini?"

"Kila nikiuliza, huwa kimejaa."

"Kimejaa nani?"

Mguu wa mama ulisimama juu ya pedali ya cherehani. Mimi nilijikausha, nikaendelea kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

"Nauliza tu," akasema Mama Mdogo. "Mimi sina ugomvi na shemeji. Lakini mwanamume anayekusifia mahali miaka yote na hataki ufike, mahali hapo pana mtu."

Wakati wa chakula cha jioni mama aliuliza. Baba alisema safari hii nayo kiti kimejaa.

"Kimejaa nani?" akauliza mama, kwa sauti ya mdogo wake kabisa.

Baba alikohoa. "Halafu utachoka, mke wangu. Barabara mbaya."

"Miaka yote ni uzuri mtupu, leo barabara mbaya?" Mama aliweka kijiko chini. "Sikiliza. Nenda tena peke yako, na ukirudi utanikuta kwa kaka yangu. Mimi na cherehani yangu."

Baba alisogeza sahani yake pembeni. Mama aliwahi kununa, aliwahi hata kulala kwa Mama Mdogo, lakini cherehani haikuwahi kuvuka kizingiti. Asubuhi yake niliikuta imefunguliwa kutoka kwenye meza yake na kufungwa shuka, imekaa karibu na mlango kama mgeni anayesubiri usafiri.

Nilifika kazini na kwenda moja kwa moja kwa mpangaji wa safari. Sote tunamwita Bwana Ratiba.

"Samahani," nikasema. "Mbona sijawahi kupangwa basi la baba?"

"Muulize yeye. Siku ulipoajiriwa alikuja hapa, akaniambia, binti yangu mpange popote ila si kwangu. Nilidhani mna ugomvi."

"Hakusema sababu?"

"Dada, mimi napanga mabasi. Sipangi familia za watu."

Kwa hiyo hakumficha mama peke yake. Alinificha na mimi.

"Nipange safari yake ya kesho," nikasema. Sauti ilinikatikia katikati, ikabidi niseme tena. Bwana Ratiba alinitazama, kisha akatazama ubao wake. Msaidizi wa safari hiyo alikuwa amevimba jino. Akafuta, akaandika.

Asubuhi baba aliponiona mlangoni mwa basi na fulana ya kazi, uso ulimshuka.

"Nani kakupanga?"

"Bwana Ratiba."

Alichukua kitambaa akaanza kufuta kioo cha pembeni ambacho kilikuwa kisafi tayari.

Mwongozaji wetu alikuwa Spika, tuliyempa jina hilo kwa sababu hahitaji kipaza sauti. Alizungumza njia nzima, wageni wakacheka. Kiti cha familia, pembeni ya dereva, kilikuwa kitupu. Juu yake palikuwa na koti la baba tu. Nilikitazama kiti hicho kwa muda mrefu. Nikajiambia, labda mwenyewe anapandia mbele.

Tuliposimama kuweka mafuta, baba alienda nyuma ya pampu na simu. Nilijifanya natafuta choo, nikapita karibu.

"Leo usinisemeshe," alikuwa akisema kwa sauti ya chini. "Binti yangu yuko ndani ya basi. Ndiyo. Hapohapo pa siku zote, lakini usinisemeshe."

Nilirudi kwenye basi. Akilini nilimwona mama amekaa karibu na kile kifurushi cha shuka. Nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia, na kila neno lilikuwa kubwa kuliko mdomo wangu.

Pango la Michoro liko juu ya mlima mdogo, na kuna ngazi ndefu kufika getini. Wageni walimfuata Spika. Nilipanda nao kidogo, kisha nikamwambia nimesahau tochi, nikashuka.

Basi lilikuwa limefungwa, mapazia yameshushwa. Kiti cha dereva hakikuwa na mtu. Kutoka upande wa pili nikasikia mwanamke anacheka.

"Hata kumsalimia unanikataza?"

"Shusha sauti," baba akasema.

"Mwanamume mzima unamwogopa mtoto wako!"

"Simwogopi mtoto. Namwogopa mama yake."

Nilipiga moyo konde, nikazunguka.

Baba alikuwa amekaa juu ya kreti la soda. Mbele yake, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa mwanamke mwenye umri wa kumzaa mama, kichwani amevaa kofia sita au saba zimepandana, na nyingine zimening'inia mikononi. Kati yao palikuwa na chupa ya chai.

Kwa mshangao ulimi ukafanya kazi wenyewe. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu! Jamani, pua ya Nanga ileile!"

"Nanga?"

"Hajakwambia tunavyomwita? Basi likisimama, huyu kazama hapohapo. Miaka yote nauza kofia hapa, naona vichanga wanaingizwa pangoni wamebebwa mgongoni, baba yako hata geti hajaligusa. Kila akija namwambia, Nanga, leo ingia, nikulindie basi. Hataki! Mimi nilidhani anaogopa giza."

Baba aliinamisha kichwa. Mkononi alikuwa na jiwe. Nikatazama chini. Uwanja wote wa maegesho, kutoka kwenye ngazi hadi barabarani, ulikuwa umemwagwa kokoto za kijivu.

"Ni mizigo," akasema baba. "Begi la mgeni likipotea ni juu ya dereva. Lazima mfanyakazi mmoja abaki na basi."

"Si abaki msaidizi?"

"Wasaidizi ni vijana, mama. Wanakuja na hamu yao ya kuona. Nimwambie nani wewe kaa, mimi niingie?"

"Na kwingine?"

"Kote hivihivi."

"Na joto la pangoni?"

Baba alionyesha ngazi kwa kidevu. Kundi la watu lilikuwa linashuka, watu wazima kwa watoto, wanahema, mashati yamewaganda mgongoni. Jasho la ngazi. Hapo hadithi zake zote zikanijia kwa pamoja. Mtu anatoka amelowa. Watu wanatoka macho yanawang'aa. Maisha yangu yote hakuwahi kusema hata mara moja, ukiingia utaona.

"Kwa nini hukumwambia mama?"

"Safari ya kwanza nilirudi nia yangu ni kumwambia. Nikamkuta ameweka chai, amevaa gauni jipya alilojishonea, anasema, haya, kukoje?" Alilizungusha lile jiwe. "Ningemwambia kukoje? Nimeona geti? Nikaokota maneno ya wageni. Hadithi ya kwanza ikavuta ya pili. Sasa akipanda basi langu, atakuja kunikuta hapa, juu ya kreti."

Muuza kofia alivua kofia moja akanivika mimi.

Kesho yake tulifika Maporomoko. Njia ya kule ni ya wazi na Spika angetosha peke yake. Nilimwomba nibaki na basi, akasema maji ndiyo yatakayomkomesha kwa kelele. Wageni waliposhuka, baba alibaki ameshika usukani.

"Baba, shuka."

"Na mizigo?"

"Ninayo mimi."

"Wewe ndiye uliyesomea mambo haya, mwanangu. Nenda."

"Nimesomea. Wewe nenda."

Nilinyoosha mkono, nikaacha umenyooka. Alinipa funguo. Alitembea kuelekea getini polepole, akigeuka kutazama basi, mpaka wageni wakamzingira nikampoteza.

Nilikaa kwenye kiti chake. Miguu haikufika kwenye pedali. Kutoka pale unaliona geti tu, na watu wanaotoka. Nikawatazama kama alivyowatazama yeye. Msichana mmoja alitoka viatu mkononi. Bwana na bibi wazee walitoka wamekumbatiana, na nina hakika waliingia wamenuniana.

Baba alitoka wa mwisho. Shati limemganda, nywele zinachuruzika. Hakuwa akicheka. Alitembea kwa uangalifu, kama mtu aliyejitwika beseni lililojaa.

"Haya," nikamwambia mlangoni, "kukoje?"

Tone lilining'inia kwenye kope yake.

"Nimesahau jiwe," akasema. Kisha: "Nipigie simu kwa mama yako."

Mikono yake ilikuwa majimaji, kwa hiyo niliishika simu mimi, nikafungua sauti tusikie sote.

"Mke wangu."

"Nakusikia," akasema mama. Nyuma yake nyumba ilikuwa kimya. Halafu sauti ya Mama Mdogo: "Ni yeye? Muulize!"

"Niko Maporomoko. Nimeingia. Leo ndiyo mara ya kwanza."

"Mara ya kwanza ya nini?"

"Kuingia popote. Huko kwingine kote nimekaa nje na mizigo ya watu."

Upande wa mama kiti kikavutwa.

"Na mawe?"

"Ya maegesho."

"Nimeyafuta vumbi miaka yote hii."

"Najua."

"Na kiti? Kimejaa nani?"

"Hakuna mtu. Huwa naweka koti."

"Koti!" akapiga kelele Mama Mdogo. "Dada, anasema koti!"

"Ni kweli, mama," nikasema. "Nimeliona mwenyewe."

Nilisikia mama anavuta pumzi. "Sijakusamehe," akamwambia baba.

"Sawa."

"Safari ijayo hilo koti utaliweka wapi?"

Baba alijifuta uso kwa kiganja kilicholowa, na hakikukauka chochote. "Nitalivaa."

"Mimi sina hata nguo ya kulowana nayo," akasema mama. Kisha, si kwetu tena, kwa mdogo wake: "Wewe, acha maneno, shika upande huo. Taratibu. Taratibu, nimesema!"

Kitu kizito kilitua juu ya meza. Shuka likakung'utwa. Wageni walikuwa wanapanda mmoja mmoja, wanadondosha maji kwenye ngazi za basi, na Spika alikuwa anauliza kama tuko tayari. Baba aliinua mkono kumwomba asubiri. Ndani ya simu, gurudumu la cherehani lilianza kuzunguka.