Upara wa Gona

Kahaso alikuwa amemwambia mumewe waziwazi: vuta hiyo hewa yao, cheka mpaka mbavu zikuume, lakini kichwa usinyoe. Gona akaitikia vizuri tu. Jioni akarudi nyumbani Magongo, kichwa kinang'aa.

"Nyaya zao hazishiki kichwani," akajitetea. "Kwa haya mafuta ya nazi unayonipaka, zinateleza. Daktari kasema ninyoe."

Daktari huyo wa hospitali ya kambi ya jeshi alitafuta watu wenye afya, awavutishe hewa ile wanayopewa wang'olewao meno, kisha atazame umeme wa ubongo wao ukichorwa kwa kalamu kwenye karatasi. Kwa nini amchezee mtu asiyeumwa, Kahaso hakuelewa hata chembe. Gona alisimulia kwa raha zake: midomo ilivyomfa ganzi, alivyocheka bila sababu, vijistari vya kalamu vilivyogeuka mawimbi. "Halafu vikarudi kama kwanza. Mimi sina kitu, mke wangu."

"Wewe huna kitu. Na baba yako?"

Mzee Thoya alikuwa chumba cha pili, ametoka kwenye homa kali, ndiyo kwanza ameanza kunywa uji. Kwao Wagiriama mtu hunyoa upara namna ile akifiwa na mzazi. Mzee alimwona mwanawe mlangoni, akakitazama kichwa, akageukia ukutani.

"Kumbe mmeshanizika," akasema.

Uji akaukataa. Asubuhi akaukataa tena. Gona akaanza upya habari za nyaya na mawimbi, na hapo Kahaso akachoka kabisa. Alichoka na daktari, na hewa yake, na mume mwenye ubongo wa kuchorwa asiye na wa kufikiria, na mzee anayejifia kwa kuona kipara. Na aliogopa, maana mzee alikuwa anaisha kweli. Akaleta wembe, akamtia Gona mkononi; yeye, mke wa mwana, hangeweza kukigusa kichwa cha mkwewe.

"Mnyoe na yeye."

"Nini?"

"Mnyoe! Baba, umepata kuona maiti akinyolewa kwa matanga yake mwenyewe?"

Mzee Thoya akageuka polepole, akamtazama.

"Sijaona," akasema.

Akainamisha kichwa. Gona akanyoa. Alipomaliza, mzee akajipapasa, kisha akampapasa mwanawe.

"Sasa sote wafiwa," akasema. "Maiti mtafuteni kwingine. Uji wangu uko wapi?"

"Umepoa!" Kahaso akafoka, na machozi yakamtoka.